Sahani, Kisosi na Kikombe

Mashine ya kupigia polishi ilikuwa na siku nne tu nyumbani kwa Masalu, pale Buzuruga, na tayari ilikuwa imekula nafasi ya redio, nafasi ya ndoo za maji, na usingizi wa Modesta mkewe. Ilikuwa ya mtumba, imetoka Dubai, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Mbele yake ilikuwa na bamba la mpira linalozunguka, na bamba hilo lilivalishwa kofia ya manyoya meupe iliyofungwa kwa kamba. Kofia yenyewe ilikuwa moja tu, kubwa, inchi nane. Muuzaji alisema inatosha. Na ni muuzaji gani aliyewahi kusema haitoshi?

Masalu alikuwa fundi rangi. Shirika alilofanyia kazi lilipouzwa na watu kupunguzwa, kiinua mgongo chake chote kiliingia kwenye mashine ile. Magari ya Japani yalikuwa yanaingia Mwanza kila wiki, yamefifia kwa chumvi ya melini, naye aliamini kila mwenye gari atataka ling'ae. Modesta hakumpinga. Alisema neno moja tu: gari la kwanza likiharibika, mashine itauzwa kwa Chenge, fundi jirani aliyekwisha kuiulizia mara mbili, nao watafunga virago warudi Magu kulima pamba. Masalu alikubali upesi, maana hakuona namna gari la kwanza linavyoweza kuharibika.

Gari hilo lilikuwa Toyota Corona ya Mwalimu Ishengoma, mtu wa Bukoba, mstaafu aliyejenga Butimba. Rangi yake damu ya mzee. Jumamosi lingembeba binti yake Kokuberwa kwenda kanisani kufunga ndoa. Mwalimu alilileta Jumatano jioni. Alilizunguka mara mbili, akatoa leso nyeupe mfukoni, akapangusa boneti, kisha akamwonyesha Masalu ile leso, kama anayemwonyesha mzazi daftari la mtoto mzembe.

"Nataka mama yake bibi harusi ajitazame humu afunge kilemba," alisema. "Akishindwa, ujue hujafanya kazi."

Masalu alisema atajitazama.

Palikuwa na jambo lingine uani, nalo halikuhusu magari. Mama yake Modesta, jina lake Getruda, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa amekuja mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa bandeji, anangoja siku ya kufunguliwa. Kwa desturi ya Wasukuma, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, wala hawatazamani usoni, wala hawatajani majina, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Basi alilazwa kwa Dorcas, jirani ambaye nyumba yake inatazamana na ya Masalu, ua ukiwa katikati. Mchana kutwa alikaa kibarazani kwa Dorcas juu ya kigoda, mgongo ameupa ua, rozari mkononi. Akitaka kuingia au kutoka alikohoa kwanza, na Masalu aligeukia upande wa ziwa mpaka apite.

Ni desturi nzuri, na imelinda heshima za nyumba nyingi. Lakini walioiweka walikuwa watu wa jembe na ng'ombe. Hakuna kati yao aliyekuwa na mashine inayozunguka mkononi.

Alhamisi, kama saa nne, Masalu alikuwa amekwisha kupiga katikati ya boneti na anashuka kwenye ukingo wake wa mbele, pale bati linapokunjwa. Mashine ilikuwa inanguruma. Getruda alikohoa, kama ilivyo ada, lakini kikohozi cha mwanamke mzima hakiwezi kushindana na mota ya Dubai. Akasimama, akageuka, akatokea mbele ya Masalu hatua tano tu.

Masalu aligeuza uso kuelekea ziwani kwa heshima zote. Uso uligeuka. Mikono ilibaki. Mashine ikakaa palepale kwenye ukingo kwa muda wa mtu kuanza Baba Yetu na kufika kwenye mkate wetu wa kila siku, na kilichomrudisha Masalu ni harufu.

Rangi ilikuwa imeondoka. Paliachwa doa la kijivu, urefu wa kidole gumba, mbele kabisa ya boneti, mahali ambapo kila mwalikwa angepaona kabla hajamwona bibi harusi.

Chenge alichungulia juu ya ukuta. Alikuwa na pua ya kunusa msiba wa fundi mwenzake hata upepo ukiwa wa upande mwingine.

"Ngosha," alisema taratibu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume, "gari la watu unalimenya kama muhogo?"

Chenge akampa ushauri wa bure: apake kiwi ya viatu ya kahawia pale kwenye doa, aliegeshe gari kivulini, achukue hela yake, Jumamosi jioni asipatikane. Halafu, akiwa anashuka ukutani, akauliza kwa upole kama Jumatatu aje na mkokoteni au mashine inabebeka kwa mkono.

Modesta aliporudi mchana kutoka kwenye genge lake la nyanya alilitazama doa kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akaitazama mashine, akaingia ndani, na Masalu akamsikia anahesabu magunia matupu yaliyokuwa chini ya kitanda, yale ya kuhamia. Hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

Ndipo Getruda akamwita binti yake kibarazani.

Alisema nusu ya kosa ni lake, naye amekwisha kumwambia Mungu hivyo. Lakini nusu ya pili ipo, na ilikuwapo kabla yeye hajasimama. Tangu asubuhi alikuwa anaisikiliza mashine, kwa kuwa hana cha kutazama. Ikiwa katikati ya bati inaimba. Ikifika pembeni inalia. Na yeye alifanya kazi misheni miaka ishirini, kazi ya kung'arisha sakafu ya kanisa kwa nta.

"Katikati tulipita na blanketi zima, tunavutana wawili," alisema. "Kwenye miguu ya altare tulizungushia kitambaa kidoleni. Nani atasugua mguu wa altare kwa blanketi? Kofia yake ni kubwa kuliko mahali anapoipeleka. Nenda ukamwambie, kwa adabu."

Modesta alivuka ua akamwambia. Masalu alijibu kwamba amwambie mama asante sana, lakini gari si sakafu. Modesta akavuka tena. Asante aliifikisha. Yaliyobaki aliyaacha njiani.

Hata hivyo neno likishaingia sikioni halitoki kwa kupigwa kibao. Baada ya kula, Masalu alizunguka gari akipitisha vidole kwenye kila ukingo, na kwenye mkunjo wa mlango wa dereva na juu ya gurudumu la nyuma alikuta rangi imekwisha kuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kofia kubwa ilikuwa imefika huko alfajiri, kabla ya boneti. Hapo hapakuwa na mama mkwe wa kusingizia.

Alikaa juu ya tairi. Kisha akamwita mkewe, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, akamwambia kofia ndogo hazipo Mwanza. Ameuliza maduka yote ya spea. Labda Nairobi.

Jibu lilirudi kabla hajasimama: zitashonwa.

Kilichobaki kilikuwa manyoya. Modesta alifikiri ngozi ya kondoo, lakini mama yake alimuuliza kama amesahau alikozaliwa, maana kondoo wa Usukumani ana nywele fupi kama za mbwa, hazisugui kitu. Ikabidi Modesta aende soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba. Alirudi jua likiwa limeinama, na jasho, na koti. Lilikuwa koti la nchi za theluji, zito, ndani lote limetandikwa sufu ya kondoo, nyeupe na nene. Muuzaji alikuwa nalo tangu Krismasi. Alimuuliza Modesta dada anahamia kwa nani huko kwenye barafu, akamwachia kwa bei ya shati.

Getruda hakujua inchi. Aliomba aletewe sahani ya wali, kisosi, na kikombe cha chai, akavichora kwa chaki juu ya ngozi ya koti, kila kimoja akakiongezea upana wa kidole kwa ajili ya pindo la kupitishia kamba. Alishona kwa kupapasa, bandeji jichoni, uzi wa viatu mkononi. Masalu naye alikwenda kwa mshona makatambuga, akakatiwa mabamba mawili madogo ya mpira wa tairi, moja la kisosi, moja la kikombe; sahani ingevaa bamba lile la zamani. Huko ujumbe ulimfuata kwa miguu ya binti yao Tereza, wa darasa la pili: bibi amesema mpira uwe mdogo kuliko kofia yake pande zote, kwa sababu mpira ukitokeza nje ni kama kucha.

Jioni Masalu alichanganya rangi, akalipulizia lile doa na zile sehemu nyembamba. Hapo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Damu ya mzee aliipata mara ya kwanza, na jua la kesho lingeikausha.

Getruda alituma neno la mwisho kabla ya rozari ya jioni. Mwenye gari aambiwe.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Ishengoma alipita kutazama. Masalu alisimama mbele ya boneti, mikono nyuma, akamwambia yote: mahali palipoungua, ukubwa wake, alivyopapulizia upya. La mama mkwe hakulitaja. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno mengi ya Kiingereza ambayo Masalu hakuyajua, wala hakuhitaji kuyajua. Baadaye akarudi kwenye Kiswahili. Atakuja saa kumi na moja jioni na mkewe. Kama gari halijawa tayari ataliondoa lilivyo, na kule Butimba, kuanzia chuoni mpaka sokoni, hatabaki mtu asiyejua jina la fundi.

"Umesema kweli," aliongeza akiwa anaondoka. "Hiyo ndiyo sababu bado nakusemesha."

Modesta alikwenda gengeni kwa sababu nyanya hazingojei. Tereza alikuwa shuleni, Dorcas kazini. Uani alibaki Masalu, gari, na Getruda na mgongo wake.

Na Masalu alikuwa na hofu. Mtu aliyeungua kwa uji hupuliza hata maji. Aliivalisha mashine kofia ya kikombe, ile ndogo kabisa, akaanza nayo boneti nzima, kidogo kidogo, kama anayemnyoa mtoto. Ilipofika saa tano alikuwa hajamaliza hata robo. Na hiyo robo, alipoitazama kwa kuinamisha kichwa, ilikuwa imejaa viduara, kimoja juu ya kingine, kama ziwa wakati mvua inaanza kudondoka.

Kibarazani Getruda alikuwa amefika fungu la nne la rozari bila kujua alivyofika. Masikio yote yalikuwa kwenye ile sauti nyembamba iliyokuwa inazunguka mahali pamoja kama mbu. Alitazama njiani kama Modesta anakuja. Hakuonekana. Alingoja. Alingoja tena. Saa kumi na moja haikuwa mbali, na binti yake alikuwa amekwisha kuyatoa magunia chini ya kitanda.

Akakohoa, safari hii kwa nguvu, na mashine ikazimwa. Masalu akageukia ziwani.

"Wewe gari," alisema Getruda, naye hakugeuka. "Pole. Unasuguliwa kama jino."

Kuku alipita. Masalu aliitazama Corona, akautazama ukuta, akafikiri. Gari si mtu. Hakuna mzee yeyote Magu aliyewahi kukataza kusema na gari.

"Gari," alisema mwishowe, uso ukutani, "mwambie anayesema kwamba jana kubwa iliunguza."

"Gari, kubwa haikuunguza kwa ukubwa wake. Iliunguza kwa kupelekwa pembamba. Boneti ni uwanja wa kanisa. Nani anafagia uwanja kwa mswaki?"

"Gari, nitatumia kubwa kwenye boneti nzima?"

"Katikati yake, na juu ya paa, na buti. Avae sahani. Milango ina tumbo na ina mikunjo, hiyo ya kisosi. Kwenye vitasa, na nguzo za madirisha, na kule mbele kwenye doa, kikombe. Na kikombe kisikae. Kidogo kikikaa kinachimba, kina uzito wa mtu mzima kwenye mguu wa mtoto."

"Na ukingoni?"

Kwa haraka alisahau kutaja gari. Getruda alinyamaza mpaka akakumbuka.

"Gari, na ukingoni?"

"Asiupande. Ashuke nao kwenda nje, kama unavyopangusa makombo mezani. Nani anayarudisha makombo katikati ya meza?"

Masalu alivua kikombe, akavaa sahani. Kwa kupita mara tatu viduara vyote vilifutika kwenye boneti. Akafika mahali bati linapoanza kuinama, sauti ikabadilika kidogo tu, na kibarazani Getruda akagonga kigoda kwa kifundo cha kidole. Masalu akazima, akavaa kisosi. Wakaenda hivyo. Sauti ikiimba, rozari inaendelea. Ikianza kulia, kigoda kinagongwa. Ilipofika saa nane Masalu alikuwa anabadilisha kabla hakijagongwa, na Getruda akawa anagonga hewani, anachelewa.

Chenge alichungulia tena. Alimkuta mwanamume amekiangalia kitasa cha mlango anakiuliza swali, na bibi kizee upande wa pili, mgongo huku, anamjibu Toyota kwa jina lake. Alisimama pale mpaka mguu ukamfa ganzi. Jioni aliwaambia watu wa stendi kwamba ile harufu ya rangi si ya kuchezea, imewapanda vichwani familia nzima.

Saa kumi na moja kamili Mwalimu Ishengoma aliingia uani na mkewe, Mama Eugenia, mwanamke mrefu aliyevaa vizuri na asiyesema sana. Modesta alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, kanga ameikamata kwa mikono miwili.

Mwalimu alitoa leso akapangusa. Leso ilibaki nyeupe. Akauliza doa liko wapi. Masalu alimwomba alitafute mwenyewe.

Mwalimu alivua miwani, akavaa miwani. Aliinama. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele kutoka taa hadi taa, akarudi. Alichuchumaa, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. Mwisho aliweka kidole.

"Ni hapa. Naliona."

"Hiyo ni pua yako, Mwalimu," alisema Mama Eugenia.

Yeye hakutafuta doa. Alikwenda kwenye boneti, akajitazama, akafungua kilemba chake chote, akakifunga upya. Hakuwa na haraka. Alivuta kushoto, akavuta kulia, akarudi nyuma hatua moja, hakuridhika, akafungua tena. Hakuna aliyesogea uani. Mara ya pili alikunja ncha, akaichomeka, akageuza kichwa pande zote mbili.

"Tunaweza kwenda," alisema.

Modesta aliiachia ile kanga.

Mwalimu alilipa palepale. Kisha akasema ndugu yake Rwehumbiza ana magari matatu ya kukodisha kwa maharusi, yote yamechujuka, na kwamba Jumatatu atamleta. Akauliza Masalu amejifunzia wapi kazi ya kubadilisha kofia namna ile, hajaiona hata Dar. Masalu alifungua mdomo akaufunga, kwa sababu hawezi kulitaja jina. Modesta ndiye aliyeonyesha kibaraza kwa kidevu. Mwalimu alivuka ua akamwamkia shikamoo ule mgongo, na mgongo ukaitika marahaba, ukauliza bibi harusi hajambo.

Usiku ule magunia yalirudi chini ya kitanda. Chenge alipita kesho yake asubuhi kwa habari ya mkokoteni, na Modesta alimjibu mwenyewe, kwamba mashine haiuzwi, lakini kama ana gari lililoungua, alilete.

Jumamosi mchana kengele za harusi zilikuwa upande wa pili wa mji, na uani palikuwa kimya. Asubuhi Dorcas alikuwa amempeleka Getruda hospitali, bandeji ikaondolewa, na sasa alikuwa amekaa mahali pake kibarazani akiitazama rozari kwa macho mawili. Masalu alikuwa amekaa mlangoni kwake, amempa mgongo. Alikuwa na neno la kusema tangu jana. Aliinuka, akakaa. Akakohoa. Mahali pa gari palikuwa na matone mawili ya oili na kuku, na kuku akaondoka.

"Limekwenda harusini na masikio yake," alisema Getruda, akiiambia miguu yake.

Modesta alitoka jikoni na kigoda na ungo wa mchele. Alikwenda mpaka katikati ya ua, akakiweka kigoda pale Corona ilipokuwa, akakaa, akaanza kuchambua mawe.

"Haya, semeni," alisema. "Leo gari ni mimi."

Masalu alitazama ziwani. Alichelewa kidogo, lakini alisema.

"Gari, mwambie mama asante. Na mwambie Jumatatu yanakuja matatu. Kama si haraka ya kurudi Magu."

Modesta hakurudia. Alitupa jiwe, akangoja. Getruda alizungusha punje moja ya rozari, kisha ya pili. Daktari alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba amepona, anaweza kusafiri hata leo.

"Gari," alisema, "mwambie jicho hili bado linataka wiki moja." Akafikiri. "Ziwe mbili."